Taa ndani ya balenieri: hesabu kwanza, rangi baadaye

Juma hili tunaacha daftari na karo za shule, tunashuka mtoni. Kikundi kimoja cha wamama wafanyabiashara wa Alunguli kimetuletea swali, na tumeona linawahusu wengi, hata wale ambao hawajawahi kulala juu ya maji.

Wamama hao wanakodi balenieri ili kushuka Ubundu na mchele na mawese, na kupanda tena na sabuni, chumvi na vitambaa vinavyotoka Kisangani. Wanalala ndani siku kadhaa, wengine na watoto mgongoni. Usiku mwanga wao ni tochi ya simu, mshumaa, au kile kitaa cha kopo chenye utambi na mafuta ya taa. Wamechoka na giza. Mwenye mashua amewaambia: «Wekeni taa mnazotaka, mimi sikatai, ila feza ni yenu.» Fundi kijana akawaletea utepe wa LED wa metre 5, ule unaobadilisha rangi kwa telekomande, nyekundu, buluu, kijani. Anataka kuuzungusha nje ya mashua ili ipendeze, na batri aiweke nyuma kando ya motere. Wanauliza: tukubali ao tunatupa feza?

Jibu letu: utepe wa LED, ndiyo. Namna fundi anavyotaka kuufunga, hapana. Tunaeleza sababu polepole, maana kuna mambo ya hesabu na kuna mambo ya uhai.

Tuanze na uhai. Mwezi wa 4 mwaka 2025, mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka. Watu zaidi ya 100 walikufa, kati yao wamama na watoto walioruka majini bila kujua kuogelea. Viongozi walieleza kwamba moto wa kupikia ulikutana na mafuta yaliyokuwa ndani. Tulisikia watu wengi wakimlaumu mama aliyekuwa anapika. Sisi tunauliza kitu kingine: mtu anayesafiri siku nne na watoto apike wapi? Na nani aliruhusu mafuta na moto kukaa pamoja katika chombo kimoja cha mbao? Kitaa cha utambi hakina tofauti na jiko. Ni moto wazi, unaning'inia juu ya magunia, mikeka, madumu ya mawese, na nyuma kuna fito za esanse. Mashua ikitikisika kidogo, kimeanguka. Kwa hiyo faida ya kwanza ya LED si kuona vizuri. Faida ya kwanza ni kwamba haina mwali.

Faida ya pili tunaitaja kwa ufupi, kwa kuwa kila mama anaielewa. Msichana anayekwenda msalani nyuma ya mashua saa nane za usiku, kati ya wanaume asiowafahamu, anahitaji mwanga. Mtu mwenye nia mbaya anapenda giza.

Sasa LED yenyewe. Ni kijitaa kidogo kuliko punje ya hindi, hakina waya mwembamba wa kuwaka ndani kama zile balbu za zamani, kwa hiyo nguvu ndogo sana inapotea kuwa joto. Nyekundu na kijani zilikuwepo tangu zamani. Iliyochelewa ni buluu, na bila buluu hakuna nyeupe. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa sababu ya hiyo buluu. Wanafunzi wetu wanashangaa kusikia tuzo kubwa namna hiyo ilitolewa kwa kitu kinachouzwa sokoni mwetu pamoja na betri za redio.

Wala jambo hili si la kigeni kwetu. Wavuvi wa ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie na Uvira, wanavua ndagala usiku kwa kuwaita na mwanga. Zamani walitumia taa za kupampu za mafuta, leo wengi wanatumia LED na batri. Na kule Ulaya kuna watu wanaogeuza gari kuwa nyumba, wanaweka kitanda na jiko ndani, wanazunguka nchi nayo. Wanafunga utepe huu huu, batri ya voti 12 hii hii, pano ya jua juu ya paa. Tofauti ni kwamba wao wanafanya kwa likizo. Balenieri yetu nayo ni nyumba inayotembea, ila ndani yake kuna watu 60 na nguruwe mmoja.

Tuje kwenye hesabu. Chukueni kalamu, au mwiteni mtoto wa darasa la sita, anaweza.

Kila utepe unaandikwa nguvu yake kwa metre moja, kwa wati. Ule mdogo wa rangi moja, wenye vijitaa 60 kwa metre, mara nyingi unakula wati 4.8 kwa metre. Ule mkubwa wa rangi nyingi unafika wati 14.4 kwa metre, kwa kuwa ndani ya kila kijitaa kuna vitatu, na ukitaka nyeupe lazima vyote vitatu viwake pamoja. Tena nyeupe yake si nzuri, inafanya nyama ionekane kama imeoza.

Metre 5 za fundi wetu ni wati 72. Usiku wetu hapa Kindu, karibu na ikweta, ni saa kumi na mbili mwaka mzima. 72 mara 12 ni 864. Hizo ni wati-saa, yaani nguvu mara muda, kama vile unavyohesabu vibarua mara siku. Batri ya voti 12 iliyoandikwa 40 Ah inabeba 12 mara 40, yaani 480. Mkiwasha saa kumi na mbili za magharibi, kabla ya saa saba za usiku batri imekwisha kabisa. Na batri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ukiikausha mara kadhaa namna hiyo, inakufa, mtaambiwa mlinunua batri mbaya.

Hesabu ya pili. Mnanunua utepe wa rangi moja, ule mdogo, mnaukata vipande vitatu vya metre moja. Kimoja juu ya mahali wamama na watoto wanalala, kimoja jikoni, kimoja kwenye njia ya kwenda msalani. Vyote pamoja ni wati 14.4. Vinawaka vyote tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, watu wakila na kupanga vitu: 14.4 mara 3 ni 43.2. Kisha mnazima viwili, kinabaki kile cha njia ya msalani peke yake hadi asubuhi: 4.8 mara 9, tena 43.2. Jumla 86.4. Linganisheni na 864. Ni mara kumi pungufu, na hakuna aliyekosa kuona.

Batri ile ile ya 40 Ah, mkiheshimu sheria ya kutumia nusu yake tu, inawapa 240. Ni usiku mbili na zaidi hata kama jua halikuonekana kabisa. Nasi tunajua mvua ya Maniema inapoanza mwezi wa 9 namna anga linavyofunga.

Moteri nyingi za nje, zile za kuvuta kamba, hazina batri wala hazichaji kitu. Kwa hiyo chaji itatoka kwenye jua. Pano ya wati 50 juu ya paa, jua likiwa zuri saa nne kwa siku, inatoa 200, na ukitoa kinachopotea njiani bado kinabaki zaidi ya 86.4 mnazohitaji. Siku ya mawingu mtapata nusu ao chini. Kati ya pano na batri lazima kuwe kile kisanduku kinachoitwa regilateri. Kinazuia batri isijazwe kupita kiasi na isirudishe nguvu kwenye pano usiku. Kuna mafundi wanaokiruka ili kupunguza bei. Hapo wanapunguza uhai wa batri yenu, si bei.

Jambo moja litawasumbua kuliko hesabu zote: simu. Wasafiri wakiona batri, kila mmoja anatoa waya wake. Simu kubwa moja inakula karibu wati-saa 15. Watu 20 ni 300, yaani kuliko ruhusa yote ya batri yenu. Mwenye mashua naye anaweza kuona biashara ndani yake, aanze kutoza franka. Sisi tunapendekeza sanduku la batri liwe na kufuli, ufunguo ukae kwa mama mmoja, na simu zichajiwe mchana tu, jua likiwa kali na batri ikiwa imejaa. Mtaitwa wachoyo. Kubalini kuitwa wachoyo.

Sasa kufunga. Hapa msimwachie fundi peke yake, simameni mtazame.

Umeme wa voti 12 haumpigi mtu kama ule wa SNEL. Unaweza kushika nyaya mbili kwa mikono mikavu na hausikii kitu. Ndiyo maana watu wanaudharau. Lakini nyaya mbili za batri zikigusana, batri inatoa nguvu yake yote kwa mara moja, waya unakuwa mwekundu kama msumari ndani ya makaa, na plastiki yake inawaka. Ndani ya mashua ya mbao! Dawa yake ni fizible, kile kipande kidogo kinachokatika chenyewe kabla waya haujaungua. Kinawekwa kwenye waya mwekundu, karibu sana na batri, shubiri moja, si huko mbali karibu na taa. Kwa wati 14.4 mnahitaji kidogo tu zaidi ya ampere 1, basi fizible ya ampere 3 inatosha. Fundi akisema itakatika-katika, aweke ya 30, mkatalieni. Ya 30 itangoja waya uungue kwanza. Na ikikatika, mtu asiweke kipande cha karatasi ya sigara mahali pake. Fizible iliyokatika inawaambia kuna kosa mahali fulani, tafuteni kosa.

Waya uwe wa nyuzi nyingi laini, milimita 1.5 za mraba, si zile nyaya za redio. Waya mwembamba unakula nguvu njiani, taa ya mwisho inabaki hafifu kama jicho la mgonjwa. Pia upite juu, chini ya paa, umefungwa kila hatua, usilale sakafuni ambapo magunia yanaburutwa na maji yanakaa. Kila kipande cha taa kiwe na kifungo chake cha kuwasha na kuzima.

Utepe unakatwa mahali penye alama tu, kwa kawaida baada ya kila vijitaa vitatu. Ukikata katikati, hivyo vitatu havitawaka tena. Ulizeni ule uliofunikwa na mpira laini, maandishi yake IP65 ao zaidi, kwa kuwa mvua na moshi vitaufikia. Pale ulipokatwa pazibwe na silikoni. Gundi yake ya nyuma itashika siku mbili, kisha joto na unyevu vitaiachanisha, kwa hiyo pigeni ubao mwembamba chini ya paa, mfunge utepe juu yake na vibanio vidogo. Ubao uwe unaweza kutolewa. Tutasema sababu.

Batri isikae nyuma. Nyuma kuna motere na esanse, na mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kabisa ya mashua, hauonekani. Cheche moja ya waya unaofungwa inatosha. Batri nayo ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Hivyo viwili visikutane. Wekeni batri mbele, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu juu, limefungwa kwa kamba lisipinduke, mbali na jiko na mbali na mahali watoto wanalala. Ndani yake kuna asidi, ikimwagika juu ya ngozi mnaosha na maji mengi, haraka.

Rangi, sasa. Hatuna vita na mapambo. Kwenye harusi tumeona tepe hizi nyuma ya kiti cha bibi arusi na zilipendeza sana. Lakini juu ya maji rangi ni lugha. Kwa sheria za vyombo vya majini za dunia nzima, taa nyekundu inaonyesha upande wa kushoto wa chombo, kijani upande wa kulia, na nyeupe nyuma. Anayekuja mbele yako usiku anasoma rangi hizo ili ajue unaelekea wapi. Ukizungusha nje utepe unaogeuka nyekundu, buluu, kijani kila sekunde, umemdanganya. Na wavuvi wa mitumbwi yetu, wengi hawana taa hata moja, wanakutegemea wewe uwe unaeleweka.

Ndani chagueni nyeupe yenye unjano, si ile nyeupe kali yenye ubuluu. Inaita wadudu wachache zaidi na macho yanapumzika. Lakini chandarua kibaki, mbu wa malaria hasubiri taa. Tena mwanga usimfikie nahodha usoni wala yule kijana wa mbele anayepima kina kwa mti. Mtu aliyekaa ndani ya mwanga haoni kitu gizani. Pazia la kitambaa kizito kati ya sehemu ya kulala na mbele linatosha.

Na tuelewane vizuri: taa hizi ni za kulala, kupika na kushuka, mashua ikiwa imefungwa ukingoni. Hazifanyi safari ya usiku kuwa salama. Viongozi wamekataza mara nyingi mashua za mbao kutembea usiku, na hapo wana haki. Mwenye mashua akisema «sasa tuna taa, twende tu», semeni hapana wote kwa sauti moja. Gogo lililozama halionekani kwa utepe wa LED.

Tunajua pia kuna swali la nani alipe. Kwa maoni yetu mwanga ni deni la mwenye mashua, sawa na jile za kuogelea, kwa kuwa msafiri amelipa tiketi. Lakini tukingoja alipe, watoto wetu watazeeka gizani. Kwa hiyo mnaweza kutumia likelemba: zamu moja ya kila mwezi inakwenda kwenye sanduku la taa mpaka litimie. Ila kama feza ya kikundi inatosha kitu kimoja tu, nunueni kwanza jile, za watoto kabla ya zenu. Taa zitakuja baadaye.

Mali iandikwe kwenye daftari la kikundi, si la mashua: batri, pano, regilateri, mbao tatu za taa. Mwenye mashua atie saini kwamba si zake. Ndiyo maana tulisema mbao ziweze kutolewa. Mkifika Kindu mnazishusha pamoja na mizigo yenu, zinakwenda nyumbani kwa mama aliyechaguliwa. Nyumba nyingi za mji wetu hazina umeme, na kati ya safari mbili sanduku hilo linaweza kuwaangazia watoto wa mtihani wakisoma jioni, ao mkunga wa mtaa akiitwa usiku. Wekeni utaratibu wa kuazima, na aliyeazima arudishe batri ikiwa imejaa. Kipimo kidogo cha voti kitawaonyesha: batri iliyopumzika ikiwa 12.7 imejaa, ikiwa 12.2 imebaki nusu, zimeni.

Wamama wa Alunguli, kabla ya safari ya kwanza fanyeni hivi. Fungeni kila kitu uani kwa mmoja wenu, siku ya posho jioni. Washeni taa zote tatu, ziwake usiku kucha bila kuzima, ambayo ni zaidi ya mtakachotumia safarini. Baada ya saa moja piteni na mkono juu ya waya na viungo vyote. Mahali penye joto pana kiungo kibaya, fundi akifungue na kukifunga upya mbele yenu. Mwagieni utepe kikombe cha maji. Asubuhi pimeni voti, muandike kwenye daftari, kisha mlipeni fundi nusu yake iliyobaki.